Siti ya Nyuma Haina Mlango

Mambo ya injini msiniulize. Nimefanya kazi kwenye magari tangu nikiwa binti mpaka mgongo uliponikatalia, na mpaka leo sijui gari linawakaje. Kazi yangu ilikuwa kushona viti. Ukifika Mpanda mjini, nyuma ya soko, uliza fundi Anastazia wa viti. Watu wazima watakuonyesha pale nilipokuwa nakaa, ingawa siku hizi pana kibanda cha kubadilisha vioo vya simu. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mtu aliyeyajua magari kwa upande wa makalio. Mnisamehe kwa lugha hiyo, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Nawaandikia nyie vijana kwa sababu ya kijana wangu mmoja, Fabiano. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na kwetu kaka akishaondoka, shangazi ndiye baba. Fabiano ni mtu wa asali. Anainunua kwa warina asali wa Ugalla na Inyonga, anaipeleka Dar es Salaam, na Mungu amemfungulia. Mwaka huu, masika yalipoisha, alikuja nyumbani Jumamosi asubuhi akiwa na Neema, mchumba wake, binti wa Katumba ambaye babu zake walitoka Burundi. Akanipa shikamoo, nikaitikia, akakaa, akatoa simu.

"Shangazi, nataka gari la kutembelea. Pikapu ya asali imenichosha. Nimebakiza mbili," akasema. "Hii ya milango miwili na hii ya milango minne. Zote spoti, zote zinakimbia. Jamaa wa Dar amenishikia mpaka Jumatatu. Nimeshindwa kuamua. Chagua wewe. Utakayosema ndiyo hiyo hiyo."

Nikavaa miwani. La milango miwili lilikuwa jeusi, limelala chini mpaka nikajiuliza kuku atapitaje uvunguni. La milango minne lilikuwa jeupe, nalo la chini, lina sura ya ukali, ila ukilitazama kwa nyuma ungeweza kulidhania gari la mwalimu. Nikamuuliza yeye moyo wake uko wapi.

"Kwa kweli, kwenye milango miwili," akasema. "Mimi nawajua watu wetu, Shangazi. Milango minne ni mali ya ukoo. Mgonjwa wa Kibaoni, Fabiano. Msiba wa Mwese, Fabiano. Mwalimu kahamishwa, Fabiano njoo ubebe magodoro. Ukiwa na milango miwili wanaona umejaa hata ukiwa peke yako."

Nikamwambia kwanza aache habari za Mwese, maana gari lolote kati ya hayo mawili likipanda milima ya Mwese litarudi mgongoni kwa lori. Tukacheka. Neema alikuwa kwenye kigoda anachambua choroko zangu bila kuombwa, na yeye hakucheka. Nililiona hilo. Nikamwambia Fabiano aniachie mpaka Jumatatu, na tangu walipotoka mlangoni, sikufanya kazi nyingine ila kuyawaza yale magari mawili.

Najua mtaniona mama wa wasiwasi. Wenzenu wanakesha wakiomba mtoto apate gari, mimi napewa heshima ya kuchagua halafu natetemeka. Lakini fikirini. Zamani barabara ya Tabora ilikuwa mashimo na vumbi, gari zuri na gari bovu yote yalifika siku moja, tena yamechoka sawasawa. Sasa lami imenyooka, imepita msitu kwa msitu, na kijana mwenye pedali nzuri haoni sababu ya kuinua mguu. Fabiano alidhani ananiheshimu. Mimi niliona amenipa maisha yake nishike, akaenda zake kunywa soda.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Hamisi, Mmanyema aliyekuja Mpanda na treni akasahau kurudi kwao. Mimi nilikuwa nashona sare za shule kibaraza cha jirani. Siku moja cherehani yake ilikufa, akaja kuazima yangu, na kwa ukimya wake wote akaenda kushonea turubai la siti ya lori. Akaivunja sindano. Nilimsema mpaka watu wakasimama kutazama. Alisubiri nimalize, kisha akasema, "Binti una mkono na una mdomo. Mdomo sitauweza, lakini huo mkono njoo niufundishe." Nikaenda kesho yake, nikakaa miaka.

Siku zile siti za malori ya tumbaku tulizijaza katani na sufi. Panya walizipenda. Dereva mmoja alituletea siti akasema springi inalia kila akipiga kona, ameshaitia grisi na bado inalia. Mzee Hamisi akachana turubai, tukakuta mama panya na watoto wake, wamepanga humo tangu Kaliua. Dereva alikataa kuikalia tena siti ile mpaka tulipoibadilisha yote. Baadaye ikaja sponji, kazi ikawa nyepesi, panya wakahama. Halafu ndiyo zikaja hizi kava za dukani zinazovalishwa kama soksi, na mimi nikajua siku zangu zinahesabika, kwa sababu kijana yeyote mwenye vidole anaweza kuzivalisha. Sizitukani. Lakini aliyevalisha kava hajawahi kuona kilichomo chini ya kitambaa, na sisi tuliona yote. Hereni, rozari, kitana, barua za watu, na kwa gari moja lililotoka Karema, samaki wa ziwani, migebuka, waliodondoka nyuma ya siti wakasahaulika huko mpaka mwenye gari akaanza kugombana na mkewe kuhusu harufu.

Mzee Hamisi alikuwa na tabia moja. Kabla ya kushika mkasi, alikaa kwenye kila siti ya gari, na alianzia nyuma. Alifunga mlango, akatulia humo kama abiria aliyelipa nauli. Wateja walimwona mvivu. Mimi nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Mbele dereva atakuambia mwenyewe panapouma. Nyuma hakuna anayepaulizia."

Nami nikafanya hivyo maisha yangu yote, na nyie mkienda kununua gari fanyeni. Muuzaji atakufungulia boneti, atakuwashia redio. Mwache. Ingia nyuma, funga mlango, ujifungulie mwenyewe kutoka ndani. Vuta mkanda wote mpaka mwisho wake, si kile kipande cha juu anachokipangusa kila asubuhi. Ukikuta kipande cha mwisho kimesagika au kina doa, ujue gari hilo lina habari ambayo huambiwi. Halafu uvute kwa ghafla. Usipogoma kutoka, siku ya shida hautagoma pia. Bonyeza sponji kwa ngumi uone kama inarudi. Nusa kapeti gari likiwa limefungwa juani, maana lililolala kwenye maji linanuka stoo ya mahindi hata wakilimwagia manukato ya aina gani. Na kama unakwenda na kurudi Kibaoni kwa kukatiza mbuga, achana na rangi nyeusi, mbung'o wanaifuata kama imewaita kwa majina.

Sasa niwaambie kwa nini milango miwili ilinitisha.

Palikuwa na mfanyabiashara hapa mjini, jina lake nalihifadhi, aliyeleta gari la spoti la milango miwili kwa ajili ya kukodisha kwenye harusi. Lilikuwa jekundu. Hakuna bibi harusi wa Mpanda mwaka ule aliyekubali kupanda kitu kingine. Sasa, kwetu bibi harusi hakai mbele. Anakaa nyuma, na shangazi yake anakaa ubavuni kwake, na hawatenganishwi mpaka mlango wa kanisa. Tena shangazi ndiye anayetangulia kukanyaga chini, kisha anampokea binti kwa mkono. Ndivyo ilivyo. Hakuna aliyefikiria kwamba gari lile halikutengenezwa kwa ajili ya shangazi.

Nilikuwa mwalikwa kwenye harusi moja kama hiyo. Nimevaa kitenge kipya, nimekaa kanisani, kwaya imeanza wimbo wa kuingia. Wakauimba wote, bibi harusi haingii. Wakaurudia. Mara ya tatu sauti za pili zikaanza kupotea. Kijana mmoja akaja kunong'ona sikioni kwangu, "Mama fundi, tunakuhitaji nje."

Gari lilikuwa limesimama juani. Kutoka nyuma ilibidi siti ya mbele ikunjwe, na kile kishikio cha kuikunjia kilikuwa kimejaa vumbi letu jekundu, kimegoma. Siti ya upande wa dereva nayo ilikuwa na kasoro yake, haikunjiki tangu zamani. Vioo vya nyuma vya magari yale havifunguki, ni vya kutazamia tu. Humo ndani wamo bibi harusi na shangazi yake, mwanamke mwenye mwili wa kushiba, wamebanana, jasho linawatoka, poda inashuka shingoni. Na binti alikuwa na pumu. Niliiona kifuani kwake kabla hajaniambia mtu.

Nikasema binti apitishwe juu ya siti ya mbele, avutwe kwa mikono, sasa hivi. Shangazi akajibu kutoka ndani, "Hatoki kabla yangu. Mwanangu hatolewi kama mzigo wa mwizi."

"Mama, huyu anabanwa."

"Basi nitoe mimi kwanza."

Yeye ndiye aliyekaa upande wa mbali, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumpitisha yule mama juu ya siti ile. Nikaomba spana. Watu wamevaa suti, nani ana spana harusini? Dereva akaikuta namba kumi na nne kwenye buti. Nikalala chini na kitenge changu kipya, mguu mmoja nje ya gari, nikaanza kufungua bolti za siti, na muda wote nasikia ile pumzi ya binti juu ya kichwa changu, inavutwa kwa filimbi, inakuwa fupi, inakuwa fupi zaidi. Bolti ya mwisho ilipoachia, tukaing'oa siti nzima tukaiweka barabarani, na yule mama, mnisikie, bado alitoka wa kwanza, akajinyoosha, akampokea binti kwa mkono. Dawa ya pumu ilikuwa kwenye mkoba wa dada yake, mkoba ulikuwa ndani ya kanisa. Kwaya iliimba tena mara mbili kabla binti hajaweza kutembea.

Waliooana wako hai, wana watoto wakubwa. Harusini watu wanalisimulia hilo wakicheka, na mimi nacheka nao. Lakini kila nikiliona gari la milango miwili masikio yangu yanasikia ile filimbi.

Basi mtasema, shangazi, si uchague milango minne ulale. Nami nilidhani hivyo, mpaka nikakumbuka la milango minne.

Hilo lililetwa kwenye karakana yangu likiwa limevutwa. Spoti ya vijana, nzuri, ilikuwa imeacha barabara mahali palipo wazi kabisa, hakuna kona, hakuna mti. Dalali mmoja alitaka bodi inyooshwe na siti zishonwe upya ili aliuze mbali. Sikuambiwa waliokuwemo ni nani. Siti zikaniambia. Ya dereva ilikuwa imesogezwa nyuma na kulazwa, ndivyo mnavyopenda, mnaendesha mmelala. Nyuma walikuwa wamejazana, sponji ilikuwa imeshuka hata pale katikati ambapo hapakai mtu gari likiwa na nafasi. Na mikanda ya nyuma nilipoivuta ilitoka mipya. Haikuwahi kuvutwa tangu gari lifike nchini. Vibanio vyake vilikuwa vimeziba kwa vumbi na maganda ya karanga.

Damu ikiingia kwenye sponji haitoki. Ukibadilisha kitambaa tu, jua likipiga, harufu inarudi. Nilimwambia dalali sponji zote zinatolewa, zinachomwa moto, tunaanza upya. Akasema namwongezea kazi bure, mnunuzi ataona kitambaa tu. Nikamwambia apeleke kwa fundi mwingine. Akanuna, mwisho akakubali. Nilizichoma mwenyewe nyuma ya karakana, na nilisali sala niliyoijua, sikuwa na majina ya kuweka ndani yake.

Hilo ndilo lililonikaa kifuani Jumamosi ile. Milango miwili inafungia watu. Milango minne inaita watu. Nikichagua ya kwanza, namwona Neema ubavuni kwa Fabiano, na siku moja mtoto huko nyuma asiye na mlango. Nikichagua ya pili, nawaona marafiki zake wote wamejazana, muziki juu, kila mmoja anasema ongeza.

Jioni, jua halijazama, Neema akarudi peke yake. Alisema amesahau kitambaa chake. Hakikuwepo kitambaa. Akashika ufagio akaanza kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

"Neema, sema," nikamwambia.

"Shangazi, Fabiano anakimbiza," akasema bila kuinua uso. "Hata ile pikapu, asali ikiwa imeshashushwa. Nikimwambia apunguze anaongeza, anasema namtia mkosi. Nimeacha kumwambia. Siku hizi nafumba macho tu."

"Umewaambia kwenu?"

"Nikimwambia mama atasema nisiolewe."

Nikamkalisha, nikampa chai. Mtu akikuletea siti iliyochanika unajua pa kuingiza sindano; hapa sikupaona.

Kesho yake baada ya misa nikamwambia Fabiano siwezi kuchagua kwa picha, nataka kukalia. Akaenda kuazima gari la rafiki yake, nalo spoti, la milango minne. Akanifungulia mlango wa mbele. Nikakataa, nikaingia nyuma, nikafunga mkanda, nikamwambia anipeleke njia ya Inyonga kama anavyokwenda siku zote.

Jamani, nilibebwa. Aliendesha mpaka nikashikwa na usingizi. Kila tuta alilinong'oneza. Kila dakika, "Shangazi uko sawa?" Gari moja la vijana likatupita kwa honi, wakatoa mikono nje wakitucheka. Nikaona bega la Fabiano linapanda, mkono ukaenda kwenye gia. Kisha macho yake yakaja kwenye kioo, yakanikuta. Mkono ukarudi. Akawaacha waende.

Nikaanza kujiuliza kama Neema ananitania. Tulipoingia porini nikamwambia, "Baba, simama nikachimbe dawa. Wewe usinisubiri hapa, mtu mzima ana aibu zake. Nenda mbele kageuze, unikute."

Nikashuka. Sikuwa na dawa yoyote ya kuchimba. Nilisimama nyuma ya mti nikasikiliza. Alitoka taratibu, heshima tupu, mpaka alipodhani simsikii. Halafu lile gari likalia. Sijui injini, nimewaambia, lakini ule mlio niliujua ni wa kitu kinachofukuzwa. Ukapanda, ukapanda, ukaingia msituni ukawa mwembamba, na bado ulikuwa unapanda. Nilijikuta nimeshika gome la mti kwa mikono yote miwili. Halafu kimya. Kimya kile, wanangu, sitamwombea adui yangu. Nilikuwa nimemtuma mwenyewe, kwa ujanja wangu mwenyewe, na sasa namtegea sikio mtoto wa kaka yangu porini, nikijaribu kukumbuka kama niliusikia mkanda wake ukifunga.

Akarudi. Nikaanza kuusikia mlio kwa mbali, mkubwa, kisha alipokaribia pale pangu akaukunja, akasimama mbele yangu kwa upole kama aliyekuwa anatoka kubariki shamba.

"Umemaliza, Shangazi?"

"Nimemaliza," nikasema. Nikaingia nyuma, akanirudisha mjini kwa mwendo wa harusi.

Sikumwambia nilichosikia. Ningemwambia angeapa, na viapo vya madereva nimevikuta vingi chini ya siti. Jumatatu wakaja wote wawili. Nikasema, "Nyeupe. Milango minne."

Uso ukamwanguka kidogo. "Sawa, Shangazi. Nilisema utakayosema."

"Ina sharti. Siti ya nyuma isikae tupu, na isikaliwe na marafiki. Akae mtu unayemwogopa. Mimi nikiwepo, mimi. Mama yake Neema, yeye. Katekista, mgonjwa, bibi yeyote anayeomba lifti. Ukoo wote uliokuwa unaukimbia."

"Sasa si utakuwa unanipa mlinzi?"

"Mbele yangu unaendesha vizuri, Fabiano. Nyuma ya mti nimekusikia pia."

Neema aliangalia miguu yake. Fabiano alizungusha simu mkononi, kisha akatoka uani akapiga Dar, nikamsikia akitaja rangi nyeupe kwa sauti ya mtu anayeagiza dawa. Aliponiaga hakunitazama vizuri, nami nilijua nimemuumiza. Nilikuwa tayari anichukie, mradi awe hai wa kunichukia.

Lakini sikuwa nimefikiria jambo moja. Gari liko Dar, sisi tuko Mpanda. Lazima alifuate na kulileta, na atalileta peke yake. Neema hajaolewa, hawezi kusafiri naye safari ya kulala njiani. Mimi mgongo haufiki Tabora. Nilikuwa nimechagua gari kwa sababu ya siti ya nyuma, na safari yake ya kwanza, ndefu kuliko zote, siti hiyo itakuwa tupu.

Njiani kurudi na gari alilala Tabora, kama alivyoahidi. Asubuhi akapiga simu, "Shangazi ndiyo natoka," sauti fupi, bado ana kinyongo. Baada ya Sikonge simu yake haikupatikana tena. Najua msitu wa huko hauna mtandao. Najua, na nilipiga hivyo hivyo. Neema alikuja, tukapika maharage, hakuna aliyekuwa na njaa. Kila gari lililopita njiani tulinyamaza wote wawili mpaka lipite. Nilipiga hesabu ya saa ambayo mtu wa mwendo mzuri angefika. Ikapita. Nikapiga ya mtu wa mwendo wa pole. Nayo ikapita. Neema akaanza kulia bila sauti, huku anakoroga chungu, na mimi nikamkaripia kwa sababu nilikuwa naogopa kulia naye.

Jua lilipokuwa linaegemea, gari jeupe likakata kona, taratibu, likaja likasimama kwenye uzio. Fabiano akashuka, uchovu mpaka kwenye kope. Halafu milango ya nyuma ikafunguka. Upande mmoja akatoka mama wa makamo na kuku wawili. Upande wa pili akatoka bibi mmoja mkongwe, kajifunga shuka, kashika fimbo.

Fabiano akaja moja kwa moja kwangu. "Nilipotoka Sikonge nikajiona, Shangazi," akasema polepole. "Barabara tupu, gari jipya, hakuna anayenitazama. Nikaangalia mshale wa mwendo nikaogopa. Nilipofika Inyonga nikasimama stendi nikauliza nani anakwenda Mpanda hospitali. Wakanipa huyu bibi na binti yake."

Nilitaka kumjibu, lakini yule bibi alikuwa ameshanifikia. Akanigusa kwa fimbo.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Mimi shangazi yake. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Basi mfundishe gari. Mwendo gani ule, mpaka wenye baiskeli wanatupita wanatusalimu? Watu wa macho pale hospitali wameshafunga sasa. Itabidi nilale."

Nikamwomba radhi kwa niaba ya mwanangu. Nikamwambia atalala kwangu, na kesho Fabiano mwenyewe atampeleka mapema. Kisha nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikalia mpaka maharage yakaungua.